Hela ya Makoroboi: majuto tunayoyahesabu vibaya

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipofunga zoezi la kubadilisha noti za zamani tarehe 5 Aprili 2025, hapa Mwanza kuna mazungumzo yaliyofunguka na mpaka sasa hayajafungwa. Utayakuta kwenye kijiwe cha kahawa Kirumba, utayakuta ndani ya daladala ya Buhongwa, utayakuta kwenye makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma pamoja miaka thelathini iliyopita. Mmoja anasema babu yake aliacha kopo zima la rupia za Mjerumani, watoto wakazichezea mpaka zikaisha. Mwingine alitaka kuuziwa sarafu yenye tundu akiwa kijana, akaiona takataka, akapita. Wa tatu anakumbuka noti alizozipeleka benki wakati wa zoezi lile, sasa anasikia zingekuwa mali. Kila habari inaishia kwenye laiti, na kila laiti inafuatiwa na hesabu ya mamilioni ambayo msemaji angekuwa nayo leo, na nyumba ambayo angekuwa ameshaezeka.

Majuto haya nayaheshimu, kwa sababu na mimi ninayo. Lakini naamini tunayahesabu vibaya. Tunadhani tulipoteza bei, na kwa wengi wetu bei hiyo haikuwahi kuwepo na haipo hata leo. Tulichopoteza ni habari za kile kitu, ambazo mwenye nacho alikuwa tayari kutusimulia bure. Kosa hili la hesabu lina madhara, maana mtu anayedhani amekosa mamilioni atahangaika kutafuta mamilioni, na kwenye hangaiko hilo atazipita tena habari zilizo mbele yake, kama alivyozipita za kwanza.

Tuanze na kilichotokea. Kwa tangazo la serikali la Oktoba 2024, noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zilipewa miezi mitatu, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, zirudishwe kwenye matawi ya Benki Kuu na benki za biashara. Baada ya hapo zikaacha kuwa fedha halali. Ni jambo la kawaida kwa benki kuu yoyote. Lakini watu wengi walilipokea kwa masikio mawili. Sikio moja lilisikia kwamba noti hizi zinakufa. La pili likasikia kwamba kitu kikifa kinakuwa adimu, na kikiwa adimu kinakuwa ghali. Wapo walioamua kuficha badala ya kurudisha, na wapo waliorudisha na sasa wanajilaumu. Uvumi wa zamani wa kununua sarafu za kale, ambao haujawahi kufa kabisa kanda hii, ukapata kuni mpya.

Noti hizo zilichapishwa kwa wingi, zikapita mikononi mwa mamilioni ya watu, na zilizobaki nyingi zimechakaa kwa jasho la mifuko na maji ya samaki. Mwenye noti ya mwaka 2003 iliyokunjwa mara nne ana kumbukumbu, na kumbukumbu si kitu kidogo, ila asitarajie kiwanja.

Hata hivyo sarafu ndizo zenye mengi, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu lugha yenyewe imebeba ushahidi ambao sisi wasemaji tumeuzoea mpaka hatuusikii. Tunasema fedha, na maana ya kwanza ya neno hilo ni madini meupe. Tunasema pesa, na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu za shaba za pesa kati ya 1890 na 1892, upande mmoja tai wao, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kwa sababu walijua pwani ilisoma nini. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 utawala wa kikoloni ukabadili hesabu, rupia ikawa na Heller 100, na sisi tukalivaa jina hilo, tukalipunguza herufi, likawa letu. Hela. Muuza dagaa wa Mwaloni anayemwambia mteja hana hela ya kurudisha chenji anataja sarafu ya Kijerumani iliyotoka kwenye mzunguko zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wengi wetu tunalitumia neno hilo kila siku bila kuwahi kuishika hela yenyewe.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa, meli hazifiki, sarafu kutoka Berlin na Hamburg haziji. Utawala ukatengeneza sarafu zake Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, ikawa sarafu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga. Zilitoka 16,000 na ushei tu, na leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipa maelfu ya dola kwa moja. Hii ndiyo sarafu inayozaa uvumi wote. Lakini pamoja na dhahabu, karakana ile ilitoa pia sarafu za shaba ya manjano za hela 5 na hela 20, nyingi mno, zilizopigwa kwa haraka, nyingine nyembamba, nyingine nene, maandishi yamekaa upande. Ya hela 20 upana wake unakaribia kifuniko cha chupa ya soda. Ina taji, herufi D.O.A., yaani kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Katika hali ya kawaida, mkusanyaji huilipia makumi ya dola. Ukitoa gharama ya kuituma na asilimia ya dalali, unabaki na fedha ya kula wiki chache.

Hiyo ndiyo niliyoiacha mimi. Ilikuwa mwaka 1993, Makoroboi, wakati eneo lile bado lilikuwa na mafundi bati waliotengeneza vibatari vilivyolipa jina. Mzee mmoja alikuwa ametandika gunia, juu yake misumari iliyonyooshwa, vitasa, na kopo la maziwa lenye sarafu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniita mjukuu. Akachagua ile ya hela 20, akaiweka kiganjani mwangu na kuanza kusema, hii alikuja nayo baba. Nikamkatiza. Nikamuuliza, babu, shilingi ngapi? Akanitajia. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya viatu vya mtumba, na nilikuwa nimeahidiwa kibarua kwenye ghala moja ambako huwezi kuingia peku. Nikairudisha sarafu kwenye kopo, nikaenda kununua viatu.

Sasa tupime hoja, maana zipo za kila upande na si zote dhaifu.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana, kwamba tuliacha utajiri. Ushahidi unaotolewa huwa ni picha ya simu, sarafu ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere na chini yake bei ya milioni kadhaa. Bei anayoandika muuzaji ni ombi lake, hata mimi naweza kuandika kiberiti kinauzwa milioni mbili. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu mwingine aliingiza mkono mfukoni akailipa. Sarafu za kwanza za Benki Kuu, senti 5, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zilitolewa kwa mamilioni ili nchi nzima ipate chenji, na ziliipata. Umri nao hautoshi. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na kwao Uingereza hakuna sarafu yenye jina lake iliyoingia sokoni. Huku kwetu zilikuja senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina hilo, kwa kuwa sarafu zetu zenye tundu hazikuhitaji picha ya kichwa chake. Ukimsimulia mtu hivyo atadhani ameshika dhahabu. Sivyo, zilipigwa kwa wingi, na hata leo ni za bei ya chini kabisa. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki salama ukikutana na wingi wa wanaozitaka. Nasi tukiokota sarafu, jambo la kwanza ni kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, na hapo ndipo mkusanyaji anapogeuza uso, maana ngozi ya miaka mia imeshaondoka.

Kuna jambo lingine ndani ya hoja hiyo ambalo wasemaji wake hawalitazami. Kama sisi sote tungetunza, zisingekuwa adimu. Bei tunayoililia imetengenezwa na kupuuza kwetu, mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji. Rupia zilizoyeyushwa na masonara zikawa bangili, senti zenye tundu zilizowekwa chini ya misumari ya bati ili paa lisivuje, hela zilizofungwa kwenye kamba za kiunoni za watoto, hizo ndizo zilizozipandishia thamani chache zilizobaki. Kwa hiyo anayesema sote tungekuwa matajiri anasema jambo lisilowezekana kwa hesabu yake mwenyewe. Na yuko anayenufaika na hesabu hiyo mbovu, yaani tapeli anayepiga simu akijiita wakala wa mnunuzi wa nje, akidai sarafu yako ina madini yasiyojulikana, na kwamba utume fedha kidogo ya usajili kwanza. Watu wazima wametoa ada za shule za watoto wao kwa maneno hayo.

Ipo sura ya hoja hiyo iliyo na nguvu zaidi, nayo inastahili jibu la heshima. Wapo wanaosema, tuache wakusanyaji, tutazame madini. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 zilikuwa fedha halisi. Shilingi yetu mwanzoni mwa 1986 ilikuwa kama 17 kwa dola moja, katikati ya mwaka huo ikawa 40, na leo tunahesabu zaidi ya 2,000. Aliyeweka shilingi ndani ya godoro aliona zinayeyuka, aliyeweka rupia ndani ya chungu madini yake yalibaki madini. Hilo ni kweli. Ila mtu wa kanda hii aliyekuwa na akiba mwaka ule hakuwa na njia mbili tu. Msukuma hakuhitaji kufundishwa kwamba noti huchakaa, yeye alinunua ng'ombe. Ng'ombe alizaa, akatoa maziwa, akalipa mahari, akauzwa mtoto alipougua. Rupia ndani ya chungu haizai. Tukipima kwa faida, ambayo ndiyo mizani waliyoichagua wao, aliyepita kopo la sarafu akaenda mnadani alifanya vizuri.

Hapa ndipo inapoingia hoja ninayoikubali moja kwa moja, kwamba kijana alikuwa na haki ya kuacha. Tunapojilaumu tukiwa na miaka hamsini, tunachukua mfuko wa leo tunaupeleka kwa kijana wa jana, halafu tunamuuliza kwa nini hakununua. Hakuwa na mfuko huo. Alikuwa na viatu vya kununua, au daftari, au nauli ya meli kwenda Bukoba kumzika mtu. Kwa watu wa nchi tajiri, majuto ya aina hii huwa ni juu ya kitu cha anasa walichokiacha wakiwa na fedha ya kukinunua. Wengi wetu hatukuwa hivyo. Ndiyo maana sikubali lugha ya kujiita wajinga inayotawala mazungumzo haya. Mimi nilihitaji viatu. Ningerudishwa Makoroboi kesho, na kibarua kile kinanisubiri, ningenunua viatu tena.

Lakini nikishakubali hivyo, bado kitu kinauma, na ndicho kilichonifanya niandike. Kama uamuzi wa fedha ulikuwa sahihi, maumivu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye sentensi niliyoikatiza. Kusikiliza kulikuwa hakudai senti. Yule mzee alikwisha kuanza, hii alikuja nayo baba, na mimi nikadhani anapandisha bei, kama wafanyavyo wachuuzi. Leo ningeweza kuagiza hela 20 ya Tabora kutoka kwa muuzaji wa Ujerumani, ikafika ndani ya bahasha, inafanana na ile kila kitu. Ile sentensi haiagiziki.

Na isichukuliwe kwamba ninaomboleza hadithi tamu ya mzee. Sentensi ile ilikuwa ushahidi wa kihistoria, na ukiiweka kando ya tarehe utaona uzito wake. Sarafu zile zilipigwa Tabora mwaka 1916, katika miezi ya mwisho kabla mji haujaanguka. Mwanza ilichukuliwa na Waingereza tarehe 14 Julai mwaka huo huo, na jeshi la Wajerumani likarudi nyuma kuelekea kusini. Tabora nayo ikachukuliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Sasa jiulize, sarafu ya Tabora ya mwaka 1916 ilifikaje mikononi mwa familia ya pwani ya ziwa? Pengine baba yake alikuwa mpagazi aliyechukuliwa na jeshi lililokuwa likikimbia, akabebeshwa mizigo mpaka Tabora, akalipwa kwa shaba ile, mji ulipoanguka akarudi kwao kwa miguu, zaidi ya kilomita 300, akiwa na ujira wa serikali ambayo haikuwepo tena. Pengine alikuwa askari. Pengine hakwenda popote, akaipata miaka ya baadaye kwa kubadilishana na Mnyamwezi aliyeleta asali. Kila jibu ni historia tofauti ya kanda hii. Wasukuma na Wanyamwezi walibeba vita ile mabegani, na majina yao hayamo kwenye minara. Sarafu moja, pamoja na sentensi tatu za mtoto wa aliyeileta, ingetupa safari ya mtu mmoja halisi. Bila sentensi hizo ni kipande cha shaba cha makumi ya dola, sawa na vingine vyote.

Wengine watasema ni vizuri vitu hivyo viondoke, ni mabaki ya mkoloni, vina tai wake na mfalme wake, tuvilie nini? Nimesikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, tena wazalendo wa kweli. Hasira yao naielewa, nadhani tu wameielekeza pasipo pake. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, na ilihesabiwa kwa rupia. Mkulima aliyekuwa na mtama, mbuzi na jembe alijikuta ana deni ambalo haliwezi kulipwa kwa mtama peke yake, ilimpasa aipate sarafu ile, na njia ya kuipata ilipita kwenye shamba la mzungu, kwenye ujenzi wa reli au kwenye kubeba mizigo. Rupia ndiyo iliyomtoa nyumbani. Kwa hiyo sarafu yenye tai ni ushahidi dhidi ya mwenye tai, na ushahidi hukaa kwa aliyetendewa. Tukiutupa, simulizi la nini kilifanyika litabaki kwenye mafaili ya upande mmoja.

Mtu atatarajia basi kwamba sheria inatusaidia. Inasaidia kwa kiasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mstari wa mwaka 1863. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kale kwa kipimo cha umri, nacho hakitoki nchini bila kibali. Milango ya mbao ya kuchonga ilipewa mstari wake, kabla ya 1940, na ndiyo sababu wanunuzi wa milango ya pwani wana pa kuogopa. Sarafu ya mwaka 1916 iko nje ya mstari wa kwanza kwa miaka 53. Sisemi kila sarafu iliyochakaa iwekewe kibali, hilo lingezaa rushwa na kuwafanya wazee wafiche zaidi. Nasema tu kwamba hakuna mlinzi mlangoni, na anayesubiri serikali imzuie mnunuzi atasubiri sana. Mnunuzi akija na fedha taslimu, na mzee ana dawa za kununua, sarafu itakwenda, na sioni aibu yoyote kwa mzee anayeuza. Aibu ipo kwetu tuliokaa naye miaka yote bila kumuuliza.

Kilomita kama 20 kutoka mjini, njia ya Musoma, pale Bujora Kisesa, kuna mfano wa mtu aliyeuliza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alifika huko miaka ya 1950, na pamoja na Wasukuma waliomzunguka akaanza kukusanya vitu ambavyo wengine waliviona vya kizamani au vya kipagani, ngoma za watemi, viti vya enzi, zana za waganga, vifaa vya vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika. Ukienda leo kwenye makumbusho ile, kinachokushika si uzuri wa ngoma peke yake. Ni kwamba kila ngoma ina utemi wake, na anayekutembeza anaweza kukuambia ilipigwa lini na kwa sababu gani. Wazee walisikilizwa wakati vitu vikiwa bado na wenyewe. Ngoma kama hizo zipo Ulaya pia, ndani ya vioo, na kwenye kibao kimeandikwa Afrika Mashariki, basi. Wengine watauliza kwa nini ilibidi awe padri mgeni. Ni swali zuri, na sidhani jibu lake linatupendeza. Nalo linatuhusu zaidi kuliko linavyomhusu yeye.

Kama majuto yetu ni ya habari, swali la mamilioni linaondoka mezani na linakuja lingine, ni habari zipi tunazipita leo? Nitataja mbili tu zilizo karibu. Ukanda huu uliishi kwa pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, moja ya mashirika makubwa ya wakulima Afrika nzima wakati ule. Stakabadhi za mizani za miaka ile, vikaratasi vyenye jina la mkulima, uzito na bei, bado zipo kwenye masanduku ya bati ya Magu, Kwimba na Geita, chini ya vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Hakuna mnunuzi wa nje anayezitafuta, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa kitu kisicho na mnunuzi kinawashia moto jikoni. Mjukuu akipekua sanduku akamuuliza bibi, pamba hii yote mliibebaje mpaka ginari ya kuichambulia, kwa baiskeli au kwa punda, na fedha yake ilinunua nini, hapo atakuwa ameokoa zaidi ya mwenye mkoba wa rupia.

Ya pili ni kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la JPM lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi pamoja na foleni sasa inaisha kwa dakika chache. Nimelivuka nikashukuru, nimeshawahi kukaa na mgonjwa ng'ambo ile tukisubiri kivuko kipakie. Sitaki kivuko kirudi. Lakini maisha mazima yalisimama juu ya kusubiri kule, wauza mahindi ya kuchemsha na mayai, wahubiri, wapiga debe, mabaharia waliojua upepo wa jioni kwa kunusa, malori ya ng'ombe ya Sengerema yaliyopewa nafasi ya mwisho. Yote hayo yalipungua siku moja. Ni hela ya Mjerumani nyingine, imetoka kwenye mzunguko sasa hivi, sisi tukiwa wazima na simu zenye kurekodi mikononi.

Nimepekua nyumbani nikapata tiketi moja ya karatasi ya kivuko kile, ya miaka ya nyuma, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama. Haina bei sokoni. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu tulikuwa tunakwenda msiba wa nani, nani tulikuwa naye, na kwamba mvua ilitukuta katikati ya maji. Kwa upande wa mbele ina tundu dogo lililotobolewa kwa mashine, si katikati, pembeni juu ya namba. Sijui tundu lile lilikuwa na maana gani, kama lilihesabu safari au aina ya abiria. Busisi yupo mzee aliyefanya kazi mlangoni pa kivuko kwa miaka mingi, binamu yangu anamfahamu. Ameshampigia, na mzee amesema niende Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na tiketi niibebe.